Msichana Ninayemfundisha Kupima Mifuko ni Binti Yangu

Admin naomba ufiche jina langu, hapa kuna watu tunafanya kazi pamoja. Mimi ni mama wa miaka 42, kwetu ni Machakos, naishi Kawangware. Sina mume. Watu hudhani sikujaliwa mtoto, na nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu kueleza kunachosha.

Kabla ya uchaguzi wa 2007 nilikuwa nimeolewa Gatwekera, kule Kibera, na fundi seremala wa kutoka Western. Hatukufunga harusi, tulianza tu kuishi pamoja, tukapata mtoto msichana. Nitamwita Neema, si jina lake. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa godauni moja Industrial Area, wanaposhona nguo za maduka ya ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kupima kila kitu kinachofunga nguo: mfuko wa nailoni, henga ya kutundikia, lebo, katoni. Unaweka kwa mizani, unaandika uzito. Huko nguo zinakouzwa, serikali inataka kujua kila duka linaleta takataka kiasi gani. Wengi walinicheka kwamba nalipwa kupima makaratasi, lakini niliipenda.

Matokeo ya kura yalipotangazwa, Kibera ikawaka. Mchana mmoja vijana wakaingia kwa ploti yetu wakigonga mlango mmoja mmoja, wanauliza nani ni wa wapi. Watu wa kwetu tulihesabiwa kuwa wa upande ule mwingine. Mume wangu alisimama mlangoni amembeba Neema, mimi niko nyuma yake. Wakamuuliza, "Huyo mama ni wa wapi?"

Nilijua atasema, "Ni bibi yangu, mwacheni." Hao vijana walimjua, wengine aliwatengenezea vitanda. Akasema, "Huyo si wangu. Ni mama wa kufua nguo."

Wakacheka. Mmoja akanivuta kwa nywele akasema, "Basi akafue kwao." Nilipigwa mbele ya majirani niliokuwa nakopeshana nao chumvi. Nikanyoosha mikono nipewe mtoto. Mume wangu aliniangalia hivi, akarudi ndani, akafunga mlango. Nilisikia komeo. Neema alikuwa bado ananyonya.

Nilikimbilia kwa dada yangu hapa Kawangware, na huku pia hakukuwa na amani. Barabara zilipofunguka kidogo nikaenda kazini, uso umevimba, maziwa yameloanisha blauzi. Nikamwomba supavaisa ruhusa nikatafute mtoto. Alikuwa mwanamke, mama wa watoto. Akaniambia, "Wateja wa ng'ambo hawajui kura zetu. Wanataka kujua kila shati linatoka na plastiki ngapi. Jifunge leso kifuani urudi kwa mizani. Ukitoka hapo, usirudi."

Nilitoka.

Gatwekera nilikuta mwanamke mwingine anapika kwa sufuria yangu. Mume wangu hakunikaribisha hata kusimama kivulini. Alisema mtoto ako ushago, kijijini kwao, na kwamba niliondoka mwenyewe. Nikasafiri mpaka huko. Mama mkwe alikuwa amembeba Neema, na Neema aliponiona akalia akitaka kuja. Mama mkwe akamgeuza uso, akaniambia, "Mtoto ni wa huku. Wewe rudi kwa watu wako mliowapigia kura." Shemeji zangu wakanisindikiza barabarani kwa fimbo. Kwa chifu niliulizwa swali moja tu, kama nina cheti cha ndoa. Nilirudi tena na tena, mwisho nikaambiwa wamehama na hakuna aliyetaka kusema wapi.

Miaka imepita. Siku hizi hata sheria ya hapa inataka kampuni zijue plastiki zao, kwa hivyo kazi yangu ya zamani ikapata heshima. Niko kwa kampuni inayouza nguo, nasimamia hesabu ya vifungashio. Mwezi uliopita tuliletewa msichana wa attachment, mwanafunzi wa kujifunza kazi. Akataja jina lake, jina la babake, na kijiji. Alikuwa Neema wangu. Wenzangu wakaanza utani, "Huyu umemzaa wewe, angalia hata masikio." Yeye akacheka pia. Ananiita madam.

Nimemfundisha kutenganisha lebo na mfuko, kufuta vumbi kwa mizani. Ana mkono mwepesi. Juzi tukila chakula cha mchana nikajikaza nikamuuliza, "Mama yako ako wapi?"

Akajibu akitafuna, bila hasira, "Alinitupa wakati wa vita nikiwa mdogo, akaenda na watu wake. Nyanya yangu aliniambia hata hakugeuka kuniangalia. Kama bado ako hai, naomba afe peke yake na asipate wa kumzika." Kisha akaniuliza kama nitamaliza viazi vyangu.

Nilimsukumia sahani.

Jana babake alikuja kumchukua. Amezeeka, anatembea na mkongojo, lakini alinijua mara moja. Neema alipoenda kuchukua mkoba, babake akanisogelea akasema polepole, "Mimi ndiye nimemlea. Ukifungua mdomo nitamwambia ni wewe ulileta wale vijana wanichome. Ataamini nani, mimi ama madam wa ofisi?" Neema aliporudi, akamshika mkono huyo mzee kwa upendo ambao sijawahi kushikwa nao, akanigeukia, "Madam, huyu ndiye mama na baba yangu." Nikasema nimefurahi kumjua.

Ijumaa anamaliza attachment. Nikisema, namvunja moyo na huenda akanichukia zaidi, sasa akinijua kwa uso. Nikinyamaza, anaondoka akiniombea kifo, na mimi nimemsainia fomu kwamba amefanya vizuri. Nyinyi mliozaa na mkalea, na nyinyi mliolelewa bila mama, niambieni ukweli hata kama unauma. Nimwambie?