Deki ya Baba Mdogo

Kabla ya kwenda dukani nilifungua kompyuta yangu ya mezani kwa bisibisi, nikachungulia nyuma ya sehemu ya kuingizia CD, nikachora kwenye karatasi ya daftari jinsi nyaya zilivyoingia. Niliujivunia sana mchoro ule. Nilikuwa karani wa wakala wa forodha hapa Tunduma, mpakani na Zambia, kazi ya kujaza fomu za malori kutwa nzima, na mtu ukishinda na kompyuta ofisini miaka miwili unaanza kujiona fundi. Niliwatangazia wenzangu kwamba nanunua raita ya DVD, yaani kifaa cha kuchomea diski, ili kompyuta yangu ya nyumbani ikamilike. Ukweli ni kwamba mama yangu mdogo alikuwa ameniomba jambo.

Mume wake, baba mdogo, alikuwa amefariki, na kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa inakaribia. Picha za ukutani zilikuwepo. Lakini akitembea, akicheka na kuongea, alibaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta yangu, kwenye video niliyoipiga kwa kamera ya kuazima siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao kabla ya ndoa. Mama mdogo alitaka ndugu na majirani wakishatoka kaburini wakae nyumbani kwake wamsikie tena.

"Deki ya kuchezea DVD ninayo," aliniambia. "Wewe niletee sauti yake tu."

Deki yenyewe ilikuwa na historia. Baba mdogo aliinunua mwenyewe hapa Tunduma alipouza kahawa. Aliteremka kutoka Mbozi asubuhi, akamfanya muuzaji aiunganishe na televisheni na kujaribu diski tatu, moja baada ya nyingine, ndipo akalipa. Kijijini kwao watu walizoea kurudi kutoka mpakani na redio zinazokufa wiki ya pili. Yeye hakuwahi. Mtu akitaka bati, simu au pampu, alimwomba baba mdogo amsindikize, kwa kuwa yule, walisema, haibiwi. Hakuwa na mali nyingi wala cheo kanisani. Sifa yake ilikuwa hiyo.

Dukani nilimkuta mwenye duka, mzee wa Kigoma mwenye kofia ya kufuma, akimhudumia mama mmoja wa Zambia kwa Kibemba alichojifunzia hapo hapo kaunta. Alipomaliza, aliutazama mchoro wangu, akaugeuza juu chini, kisha akaweka raita mbili mbele yangu. Moja ilikuwa ya mwendo wa wastani. Nyingine ilikuwa na tarakimu kubwa ya kasi kwenye boksi. Akanishauri nichukue ya kwanza, inatosha kwa kompyuta ya umri ule. Mara moja nikahisi anataka kunisukumia mzigo uliomdodea. Nikachukua ya kasi.

Hakubisha. Alinifungia boksi kwenye mfuko na kusema, "Sawa, mdogo wangu. Ila ukichoma diski ya kuchezea kwenye deki, punguza kasi. Ikichomwa mbio, kompyuta itaisoma, deki itaikataa."

Niliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia mahubiri akiwa na njaa. Haraka haraka haina baraka, kila mtoto anaijua. Mimi niliona mithali hiyo imetungwa kwa ajili ya wasio na kompyuta.

Nyumbani nilikaza skrubu, nikaweka diski tupu, nikachagua kasi ya juu kabisa. Nilimwita mke wangu aje aone dakika zinavyokimbia. Diski ilipotoka niliijaribu kwenye kompyuta ile ile, ikacheza vizuri, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Jirani yangu alikuwa na deki, ukuta kwa ukuta. Sikujishughulisha kubisha hodi.

Siku ya kumbukumbu ibada ilikwenda vizuri, na msalaba mpya ukawekwa kaburini. Baadaye televisheni ilitolewa barazani, watu wakajaa ua mzima. Baba mdogo akaingia kwenye kioo akicheza, amemshika binti yake mkono, na vigelegele vikapanda pale uani kama siku yenyewe. Mama mdogo alijiziba mdomo kwa khanga. Kisha mshereheshaji akampa kipaza sauti. Baba mdogo alikishika, akakohoa kidogo, akafungua mdomo, na picha ikaganda.

Niliitoa diski, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ikaganda pale pale, mdomo wazi. Mara ya tatu deki haikuisoma kabisa. Mtu akauliza kwa nyuma kama tatizo ni diski au deki, na nyuso zote zikanigeukia mimi, mtu wa Tunduma, mtu wa kompyuta.

"Diski ni nzima, nimeijaribu," nilisema. "Deki ndiyo feki. Za mpakani nyingi ziko hivi."

Sitaki kujitetea kwamba sikujua. Maneno ya mzee wa Kigoma yalikuwa kichwani mwangu tangu picha ilipoganda mara ya kwanza. Nilijua, na nikasema vile.

"Kumbe naye alipigwa dukani!" mmoja akasema, na watu wakacheka. Halikuwa cheko la ubaya. Ni lile la misibani linalopunguza uzito wa siku. Lakini maiti haulizwi sanda, na yule hakuwepo kujibu. Mama mdogo hakucheka. Aliinuka akaenda kuangalia chakula.

Jumatatu nilichoma diski nyingine kwa kasi ya chini, nikaijaribu kwa jirani, ikacheza yote. Jumamosi nikapanda Mbozi kuungama. Sentensi yangu nilikuwa nimeshaipanga: mama, deki ya baba haikuwa na kosa, kosa ni langu. Niliirudia njia nzima.

Nilipoingia sebuleni nikakuta deki mpya, zawadi ya binti yake na mkwe. Ile ya zamani ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kabla sijakaa sawasawa mama mdogo alikuwa ameshaipokea diski na kuiweka. Ikacheza bila kukwama. Baba mdogo akashika kipaza sauti, akakohoa, akafungua mdomo.

"Mnanijua," alisema kwenye video. "Mimi dukani sidanganyiki. Na huyu mkwe nimemkagua mbele na nyuma."

Mama mdogo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akatazama juu ya kabati, akatikisa kichwa, akamwambia yule wa kwenye kioo, taratibu, "Hata wewe, baba watoto. Siku moja walikupata."

Nilikuwa nimekaa kiti kinachofuata. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni, nzima. Nikanywa chai.

Wakati wa kuondoka alinipa ile deki, imefungwa kwenye kitambaa chake. Alisema mimi ni fundi, huenda vyuma vyake vikanifaa, maana yeye kila akiiona anamwonea aibu mwenzake. Niliipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani niliiunganisha na kuweka nakala ya diski ile ya polepole. Iliisoma mara moja. Baba mdogo alicheza, akashika kipaza sauti, akasema maneno yake mpaka mwisho bila kukwama hata neno moja.

Deki hiyo ninayo mpaka leo na inafanya kazi. Kila nikipanda Mbozi mama mdogo huniuliza kama ilinifaa kwa vipuri. Namwambia ilinifaa.