Mémoire Hai, Mémoire Mfu

Enzi za Zaïre, huko Bukavu, mwanafunzi wa chuo hakumaliza masomo bila mémoire, ile kazi ndefu ya mwisho. Yangu ilihusu maharagwe. Msicheke. Nilikaa likizo nzima kisiwani Idjwi kwa nyanya yangu, mama yake mama, nikiandika majina ambayo wanawake wa huko huyapa maharagwe yao, na sababu ya kila jina. Aina moja isiyolainika hata ukiipika kutwa nzima iliitwa mavyaa, yaani mama mkwe. Nyanya alinieleza yote huku anachambua, akicheka kuliko mimi. Miezi mitatu baadaye akafariki, na sura ya tatu, yenye maneno yake, haikuwa na mahali pengine pa kuchotwa, tofauti na zile za kwanza nilizozitoa katika vitabu vya maprofesa.

Tonton, mdogo wake mama, alifanya kazi katika ofisi yenye kompyuta, na mkuu wake aliniruhusu kuitumia Jumamosi asubuhi. Nilijivuna vibaya sana. Wenzangu waliopiga taipu walifuta makosa kwa rangi nyeupe, mimi nilifuta kwa kidole kimoja. Kila Jumamosi mama alipita ofisini akitoka soko la Nyawera, nami nilimpa brouillon, zile karatasi za mkono nilizokwisha kunakili, awashie makala, makaa yake ya kupikia.

Jumamosi ya mwisho nilimaliza sura ya nyanya saa nne. Mama akapita, nikampa karatasi, akaondoka. Jumatatu nilipaswa kukabidhi kazi, la sivyo ningerudia mwaka.

"Iko mu mémoire vive bado," Tonton akasema nyuma yangu. "Itie mu disquette."

"Nitatia nikimaliza kuipamba, Tonton. Si iko vive?"

Mémoire ni kumbukumbu pia, na vive ni hai. Nilishamsikia akitaja pia mémoire morte, yaani mfu, na mimi si mtu wa kuulizauliza. Niliamua mwenyewe kwamba kazi mbaya hutupwa kwenye mfu, na nzuri hukaa kwenye hai. Maneno ya nyanya ningeyaweka wapi tena? Nikaendelea kuvipamba vichwa vya sehemu zake.

Courant ikakatika, taa na kioo vikazimika.

Iliporudi, mashini ilianza kuhesabu kumbukumbu yake yenyewe, tarakimu zikipanda taratibu kwenye kioo, kisha ikaomba disquette ya kuanzia kama vile haijaniona maishani. Sura za kwanza, ambazo Tonton mwenyewe alikuwa amezihifadhi, zilikuwepo. Ya tatu haikuwepo. Nilipiga meza, nikamwuliza ni uhai gani huo unaokatika pamoja na taa.

"Sikia," akasema. "Yote unaandika inaingia kwanza mu vive. Iko mbio sana, lakini ni courant inaishikilia. Courant ikienda, inasahau yote. Ni sawa mama yako akienda soko bila karatasi. Anakutana na rafiki, wanaongea, chumvi imeenda."

"Na morte?"

"Ile waliiandika kule walitengeneza mashini. Hauwezi kuongeza, hauwezi kufuta. Ndiyo inafundisha mashini kuamuka. Ni sawa sala ya Baba Yetu. Walikufundisha ukiwa mudogo, na hata ulale mwaka muzima, utaamuka unaijua."

"Na disquette?"

"Disquette ni daftari yako. Mashini zingine ziko na disque kubwa ndani ya tumbo. Ya kwetu hapana."

Nilimsikiliza, na ghafla nikakumbuka karatasi za mkono, nikaona moto wa mama. Saa tano ilikuwa imepita, na kwetu chakula cha mchana hakikuchelewa. Nilitoka bila kuaga, nikapanda mlima wa Kadutu nikikimbia na viatu mkononi.

Mama alikuwa uani. Sufuria ilikuwa tayari juu ya makala, na makala yalikuwa mekundu. Nikaketi chini palepale nikalia. Nikamwambia kwamba mwaka wangu umepotea, na kwamba maneno ya mama yake yamepotea, na kwamba ni mimi niliyempa ayachome.

Mama akafunika sufuria.

"Ile ya maprofesa nilichoma," akasema. "Iliwaka muzuri."

"Na ya leo?"

"Ya mama yangu niichome namna gani?"

Akaingia chumbani, akarudi na sanduku alimoweka karatasi zetu za ubatizo. Zilikuwa humo, zote, zimekunjwa mara mbili. Nilimkumbatia mpaka akaniambia nimwache apumue.

Mchana uleule niliteremka tena ofisini nikaandika sura upya. Kila mstari niliiamuru mashini iutie katika disquette. Tonton akasema ninaichosha. Nilikuwa na furaha mno hata sikumjibu.

Jioni nilimpelekea mama disquette aione, kitu cheusi chembamba, laini kidogo. Aliigeuzageuza, akatafuta maandishi, hakuyaona.

"Maneno ya mama iko humu?"

"Iko, maman. Yote."

"Haitasahau?"

"Haitasahau."

"Ni muzuri," akasema, akanirudishia. Kisha akanyoosha mkono. "Sasa unipatie makaratasi yangu."