Marobota Yaliyonyeshewa Kiangazi

Naona aibu kuisimulia hii na hasira yake bado ninayo, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa.

Mie naokota maboksi. Tuko kina mama tisa hapa Pugu, wengi tulitoka bara tukifuata waume (na waume wengine wakatuachia mji wakaenda zao, lakini hiyo mada nyingine), na kazi yetu ni kuzunguka madukani kuchukua maboksi yaliyotumika, kuyakunja bapa, kuyafunga marobota na kuyauza kwa kilo. Wanunuzi ni walanguzi. Wao ndio wanayapeleka Kenya kwenye viwanda vinavyoyasaga na kuyafanya maboksi mapya, halafu hayo mapya yanarudi huku na sabuni na biskuti ndani, na sie tunayaokota tena.

Sasa katika kazi hii kuna mchezo ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeusema. Muuzaji anayamwagia maboksi maji ili yawe mazito, mlanguzi anajua umemwagia, kwa hiyo akishapima anakata kilo kadhaa kwa kukadiria tu kwa macho, na hata ukimletea makavu kabisa anakata vilevile. Ukiacha kumwagia unajiibia mwenyewe. Ndivyo tulivyozoeana.

Mwaka huu tukampata mnunuzi wa kiwandani kwenyewe, Mkenya, Bwana Njoroge. Akasema atakuja na lori kuona mzigo mmoja, akiridhika tunasaini na atachukua kila mwezi bila mlanguzi katikati. Tulishona hadi sare za kitenge. Siku moja kabla ya yeye kufika nikaachwa mie nilinde mzigo, kwa kuwa ndiye mwenyekiti na ndiye ninayeaminika (nasema hivyo huku najisikia vibaya). Akapita shemeji yangu Deo, mtu ambaye hajawahi kubeba hata boksi la viatu, akasimama akashika kiuno.

"Shemeji, makavu hivi? Huyo Mkenya akikata mtabaki na nini?"

Ningemfukuza, yangeishia pale. Badala yake nikavuka barabara hadi dukani kwa Mzee Abeid, ambaye baba yake na babu yake waliuza duka hapohapo, nikamwamkia shikamoo, nikaomba maji ya bomba. Madumu ishirini. Akaniuliza maji yote hayo ya nini, nikamwambia ya kazi, baba. Nikamwagia marobota yote, taratibu, kwa ustadi, hadi katikati.

Asubuhi Bwana Njoroge akafika. Sie tumejipanga na sare zetu, majirani wamejaa, Deo naye yupo mbele. Yule bwana hata mizani hakuiangalia. Alitoa mfukoni kidude chenye meno mawili, akalichoma robota la kwanza, akasoma kiwango cha unyevu, akalichoma la pili.

"Mama, hii imelowa."

"Ni mvua," nikasema.

Akaangalia viatu vyake, vumbi limefika kwenye kamba. "Ilinyesha lini?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo wangu ulishapata mwendo, nikamwambia ilinyesha juzi, na jana kidogo, kwamba mvua ya Pugu ni ya vipande, inanyesha kwa huyu inamruka yule, na kama haamini amuulize yule mzee wa dukani, mtu mzima, haongopi. Nilijua mzee atanisitiri. Wazee wetu si ndio kazi yao?

Mzee Abeid akatoka taratibu na kikoi chake.

"Mvua? Mvua ya wapi, mwanangu? Mwezi mzima huu hata wingu. Huyu mama jana kachukua madumu ishirini kwangu, nikajua anafua." Kisha akachungulia nyuma ya marobota. "Na madumu yenyewe yale pale, hajanirudishia."

Aliyecheka wa kwanza ni Deo. Deo! Nilitamani nimchome na kile kidude.

Bwana Njoroge hakucheka wala hakugomba, na afadhali angegomba. Alikunja karatasi zake za mkataba akazirudisha kwenye begi. "Mimi huwa sikati, mama. Kikiwa kavu nachukua uzito wote vile iko. Ndiyo maana nilikuja mwenyewe." Lori likaondoka tupu. Mama Rehema, mkubwa wetu kwa umri, akavua kitambaa chake cha sare kichwani, akanikabidhi mkononi.

Nina hasira na Deo, nina hasira na walanguzi walionifundisha kuibiwa mpaka nikaona ndiyo biashara, na nikimaliza wote hao nabaki na mie mwenyewe. Tangu siku hiyo mzigo wetu haugusi maji, hata kanga nafulia mbali. Wiki iliyopita Mzee Abeid alinipa boksi la biskuti kutoka Kenya, jipya, kavu. Nikalikunja, nikalifunga na wenzake, nikawafunika kwa turubai. Mlanguzi akapima, akakata.

"Makavu haya," nikamwambia. "Shika uone."

Hakushika. "Mama, nyie si ndio wale wa mvua?"