Saa ya Baba Mkwe

Saa ile niliiona kwenye simu, juu ya kilima nyuma ya mji wetu wa Baraka, tulikokuwa tukipanda kutafuta mtandao. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na muuzaji hakuficha kitu. Aliandika wazi kwamba ni ya kuiga, ndiyo maana bei yake ilikuwa ya mtu kama mimi. Sikudanganywa na mtu. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia habari za saa bandia huanza kunionea huruma, na huruma hiyo si haki yangu.

Nilikuwa natoa mahari. Mbuzi walikuwa wameshapatikana, vitenge vya mama vilikuwa tayari. Baba wa binti alibakiza ombi moja, saa nzuri ya mkononi, ili kila atakayeitazama ajue kwamba binti yake hakutolewa bure. Ningeweza kumnunulia saa ya kawaida sokoni, na angeipokea. Lakini nilitaka kuonekana mtu. Rafiki yangu wa Uvira akaniagizia, ikapitia Bujumbura, ikashuka kwa njia ya Mboko ndani ya mfuko wa dereva. Mshenga wangu, ambaye maskini hakujua lolote, akaiinua mbele ya ukoo mzima na kutangaza kwamba imetoka Uswisi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikatazama chini, na wote wakadhani ni adabu.

Kwetu baba mkwe hazoewi. Hukai naye mkeka mmoja, huli mbele yake, humkazii macho, na neno lako kwake hupitia kwa mke wako. Vijana wenzangu waliilalamikia desturi hiyo. Mimi ilinifaa sana. Kanisani mzee alikaa benchi la mbele, mkono wa koti lake ameukunja upande mmoja tu, ule wa saa. Baada ya muda nikaona kwa mbali alama ya kijani imekizunguka kifundo cha mkono wake. Aliwaambia watu kwamba ni sabuni. Nikajiambia kwamba mwenyewe anaamini, maana bila hivyo nisingepata usingizi.

Kisha vita vikashuka kutoka milimani. Milio ya bunduki ilipofika upande wa soko, tulikimbilia ziwani sisi watatu, mimi, baba mkwe na mke wangu mwenye mimba kubwa. Mwenye boti la injini alikuwa akivusha watu kwenda rasi ya Ubwari, ng'ambo, na alitaka malipo kabla mtu hajapanda. Vyetu vyote vilikuwa vimebaki nyumbani. Nilikuwa bado nambembeleza pale baba mkwe alipopita mbele yangu, akavua saa na kumkabidhi, akisema hiyo inatosha kwa binti yake na kwa sisi wote. Aliitoa bila kusita.

Yule mtu akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha. Dhahabu ikabanduka kama magamba ya samaki. Akacheka, akauliza kwa sauti, umati ukisikia, ni nani aliyemdanganya mzee huyu.

Mke wangu akageuka kunitazama. Nakumbuka kwamba nilifungua mdomo. Nikaufunga.

“Hakuna mutu alinidanganya,” mzee akasema. “Ile ya mukwe wangu ilikuwa ya kweli. Ni mi niliiuzisha, nikanunua hii.”

Akavua koti lake zito la kanisani, akalitoa badala ya saa. Mwenye boti akalipima mabegani mwake, akamrudishia saa, akatupisha.

Ndani tulibanwa magoti kwa magoti, mimi na baba mkwe, jambo lisilowezekana nchi kavu. Upepo ulikuwa mkali naye alikuwa na shati tu. Mke wangu alimgombeza baba yake karibu safari nzima. Alimwambia kwamba ameuza heshima yake, kwamba mume wake alihangaika kuitafuta saa ile na yeye akaifanya kitu cha mchezo. Alikuwa akinitetea mimi. Mzee alilikubali kila neno. Nilitamani boti lizame, halafu nikaona aibu kwa tamaa hiyo pia, maana lilikuwa limejaa watoto wa watu.

Tuliposhuka Ubwari, akaifunga saa tena, juu ya ile alama ya kijani. Akasema na binti yake huku akitazama ziwa, kama desturi inavyotaka.

“Uambie bwana yako, saa iko inatembea muzuri. Asihangaike.”

Mke wangu akanifikishia maneno hayo, hasira bado iko sautini mwake, ingawa mzee alikuwa amesimama karibu nasi na nilikuwa nimeyasikia yote.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, nami nimelibeba hadi leo. Lakini lilipaswa kupita kinywani mwa mke wangu. Nikamwambia amwambie baba asante.