Betri za Dirishani

Kila asubuhi, kabla hajachemsha chai, Teresiah huanika betri. Ni zile betri bapa mfano wa sarafu, zilizokwisha kazi. Huzipanga kwenye dirisha la chumba tunachoishi watatu, mtaa wa Al Mankhool, huku ughaibuni, alama ya kujumlisha ikitazama juu. Jioni huzijaribu kwenye mzani wa jikoni. Ile inayouwasha mzani huipaka tone la rangi nyekundu ya kucha, maana yake imeiva. Babake, kule Murang'a, alizianika betri za redio hivyo hivyo juu ya bati, akapata taarifa ya habari kabla sauti haijaanza kunywea.

"Dada Ters, omena zimekauka?" Caren humuuliza akipita na taulo. Caren ni wa Homa Bay, wanakoanika dagaa hao wa ziwani, omena anazijua.

"Cheka tu. Ule mzani unaopimia unga wako unawashwa na nini?"

Betri hutoka kazini kwao. Wote wawili wameajiriwa na klabu ya kulenga shabaha iliyoko nje ya mji, Teresiah katika ghala la silaha. Baadhi ya bastola za kufundishia zina leza ndani ya mshiko. Mwanafunzi akiikamata vizuri, nukta nyekundu hutokea kwenye karatasi ya shabaha, na mwalimu huona mkono unavyotetemeka. Nukta ikianza kufifia, bastola hupelekwa kwa Teresiah. Hutoa magazini, lile kasha la risasi, huifungua bastola, hutazama ndani, hutia kidole kuhakikisha hamna risasi, kisha hurudia yote hayo. Ndipo hushika bisibisi, akafungua vibao viwili vya mshiko na kutoa betri zote mbili, hata kama moja ingali nzima. Zile mpya huzifuta kwa kitambaa zisibaki na mafuta ya vidole. Mwisho huielekeza bastola ukutani, kwenye tundu la msumari, aone kama nukta imekaa mahali pake.

Kazi hiyo Teresiah ndiye aliyemfundisha Caren. Ni yeye aliyempokea uwanja wa ndege, akampa kitanda cha chini, akamwonyesha bisibisi ipi ni ya skrubu ipi. Lakini Caren hakukaa ghalani. Wageni walimpenda. Alikuwa mrefu, na shati la kazi ambalo kwa Teresiah lilining'inia kama gunia, kwake lilikaa kana kwamba lilishonwa kwa ajili yake. Madam Aseel, mama wa Kiemirati aliyekuja na rafiki zake asubuhi za wanawake, alimletea tende. Caren aliziweka mezani tule sote. Teresiah alikula moja, akasema hazina utamu, akachukua nyingine.

Kisha klabu ikataka mwalimu msaidizi wa wale wanawake. Teresiah alikuwa na cheti tayari. Alikisomea siku zake za mapumziko, akiisubiri nafasi hiyo hiyo. Alikwenda kwa Lawrence, msimamizi wao, Mganda mpole asiyependa ugomvi.

"Teresiah, wewe nikikutoa ghalani, ghala nitampa nani?" Lawrence alimwambia. "Na Caren watu wanamsikia. Tutamjaribu na Madam Aseel. Akishindwa, basi, tutaona wewe."

Akishindwa. Neno hilo Teresiah alirudi nalo kwenye basi la wafanyakazi, akashuka nalo, akapika nalo. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, akimenya viazi. Asubuhi ya jaribio alichukua betri mbili pale dirishani, zenye tone jekundu, akazitia katika bastola ya Caren. Aliielekeza kwenye tundu la msumari. Nukta iliwaka vizuri kabisa.

Alitazama kupitia kioo cha ghala. Madam Aseel alisimama, Caren nyuma ya bega lake, Lawrence mbali kidogo amefumbata mikono. Nukta ikatua kwenye karatasi. Madam akafyatua mara kadhaa, halafu nukta ikaanza kunywea, ikapotea. Teresiah alisikia utamu kooni.

Caren hata hakugeuka. "Khalas, madam, taa imelala. Tulia tu. Kile kichuma cha mbele kiweke katikati ya kile cha nyuma. Usikimbize pumzi."

Madam Aseel alifyatua. Karatasi ilitoboka karibu na katikati, akacheka kama mtoto. Lawrence alitikisa kichwa kukubali, na pale pale Teresiah akajua kazi imekwenda.

Caren aliileta bastola ghalani mwenyewe. "Wacha nibadilishe mimi, dada, uko na kazi mingi." Akahakikisha haina risasi, akahakikisha tena, akafungua mshiko, akazitoa betri kiganjani. Matone mawili mekundu yalimtazama. Akamtazama Teresiah, kisha akafunga kiganja, kwa sababu Lawrence alikuwa ameingia.

"Betri zilikuwa na nini?" Lawrence aliuliza.

Teresiah alishika ukingo wa meza. Mtu akiharibu silaha ya klabu kwa makusudi, viza yake hufutwa.

"Zimeisha tu, sir," Caren alisema. "Hizi vitu huisha."

Jioni hiyo Caren alirudi na boksi jingine la tende. Kabla hajavua viatu alikwenda dirishani, akaziweka zile betri mbili kwenye mstari pamoja na nyingine.

"Dada Ters, omena zako mbili zilinifuata kazini," alisema, akaenda kuoga.

Hajalitaja tena jambo hilo. Siku hizi anavaa shati la walimu, lenye jina lake kifuani, na Teresiah hulipiga pasi kila anapopiga lake, akibonyeza pale penye jina kwa nguvu zaidi kuliko inavyohitajika.

"Angeniripoti, ningemchukia nikapumzika," aliniambia, kisu kikiwa kimesimama juu ya kiazi. "Sasa hata kwa roho nzuri amenishinda."

Nilimuuliza swali moja tu: bado unamwonea wivu?

"Ndiyo," alisema. "Lakini betri zake naweka mpya."