Meno Yaliyopigwa Msasa

Wananchi watukufu, tulizeni nyoyo. Jumatatu, saa moja asubuhi, kando ya barabara pale Masimba, fundi mkongwe wa kuchonga mawe ya sabuni, Manasseh Mogaka, anajiandaa kwa tukio zito ambalo historia haina budi kulipa heshima.

Anataka kunywa uji.

Anaupuliza. Anauonja kwa ncha ya ulimi, anafumba macho, anaumeza kwa upande wa kushoto. Upande wa kulia hauguswi. Huko, chini ya meno ya bandia, kuna kidonda chenye umri wa miezi mitatu.

"Mzee, huo ni uji ama dawa ya minyoo?" anamtania Ombui, mchongaji mwenzake.

Mogaka anaweka kikombe chini, anashika tupa na kuendelea na kiboko wake wa jiwe. Zamani alimaliza viboko sita kwa siku. Sasa ni wawili, siku nyingine mmoja, kwa kuwa njaa inamtetemesha mikono. Tangu Mei amepungua kilo tisa.

Meno hayo alitengenezewa na fundi aliyepita sokoni Marani, akapima, akaleta, akatoweka.

"Yalianza kunibana wiki ile ya kwanza," anasimulia Mogaka, mwenye umri wa miaka 67. "Mtu mwingine angeenda hospitali. Mimi nikajiambia, miaka arobaini nalainisha mawe, hii plastiki ndiyo itanishinda?"

Akachukua msasa, ule wa kung'arishia viboko, akasugua palipobana. Akapata nafuu siku mbili. Kisha pakauma pengine, naye akasugua tena. Akasugua hadi meno yakaanza kucheza kinywani, yakikwaruza ufizi kila alipotafuna. Vumbi la mawe nalo likajipenyeza chini yake.

Mkewe, Bochaberi, alimpa maji ya chumvi asukutue. "Nikamwambia ayatoe hata wakati wa kulala. Wapi! Mtu analala amefunga mdomo kama ameficha siri ya serikali," anasema.

Jumatatu hiyo alichoka kubembeleza, akampeleka kliniki mjini Kisii. Mjukuu wao, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, alifuatana nao akiwa na daftari lake.

Daktari wa meno, Asli, aliyatoa yale meno na kuyageuza mkononi.

"Mzee, nani ameyakwangua hivi?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Mimi."

Asli hakucheka. Alimulika kidonda, akagusa kingo zake. Zilikuwa nyeupe na ngumu.

"Kidonda cha kubanwa na meno, ukiyatoa, hupona kwa wiki mbili hivi," alisema. "Hiki kimekaa sana. Lazima tukichunguze."

Akakata kipande kidogo. Majibu ni baada ya siku kumi.

"Ni saratani?" Bochaberi aliuliza.

"Bado sijui, mama. Ningejua ningekwambia."

Bochaberi alipomweleza kwamba mzee hayatoi hata usiku, akamgeukia mgonjwa. "Na kwa nini unalala nayo?"

Mogaka alifunika mdomo kwa kiganja.

"Wakati wa Pasaka niliyaacha kwenye kikombe usiku," alisema. "Asubuhi nikayakuta barabarani, yamewekwa mdomoni mwa kiboko wangu mkubwa. Masimba nzima ilisimama kucheka. Hata mzee wa kanisa. Tangu siku hiyo sijayatoa usiku tena."

"Nani alifanya hivyo?"

"Sijui mpaka leo."

Bochaberi alitupia jicho daftari la mjukuu wake. Kalamu iliyokuwa ikikimbia tangu asubuhi ilikuwa imesimama.

"Wewe," alisema. "Mbona huandiki?"

Mjukuu huyo ndiye mwandishi wa makala haya.

"Ni mimi, babu," alisema.

Mogaka, mashavu yamebonyea bila meno, alimtazama. Hakupaza sauti.

"Nitakaa barabarani siku kumi mdomo ukiwa hivi," alisema. "Wewe utakaa kando yangu. Anayetaka kucheka, utamweleza ilivyokuwa."

Majibu yakiwa mazuri, Asli atamtengenezea meno mapya, na Mogaka ameahidi kwamba msasa utabaki kwa viboko. Anasema anachotaka ni ugali wa moto na mboga za managu, atafune pande zote mbili.

Mwandishi hana utetezi. Aliyaiba meno kwa mikono yake, akacheka kuliko wote siku ile, na sasa anaziogopa hizo siku kumi.