Bonge arudi ghorofa ya kumi

Saa moja na nusu asubuhi, fundi rangi anavua viatu, anaweka simu chini, kisha anapanda juu ya mizani. Msimamizi anainama kusoma: kilo tisini na nne. Anamruhusu kupanda, na fundi anajifunga mkanda huku akipiga mluzi.

Kazini bado wanamwita Bonge, na wala hanuni. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na kilo mia moja na kumi na nane, wakati mkanda wa usalama wanaotumia mwisho wake ni kilo mia. Akashushwa, akapewa kijiti cha kukorogea rangi. Malipo yakawa nusu, ingawa si hayo yaliyomchoma zaidi.

"Nimepaka majengo marefu miaka kumi na tisa," anasema. "Halafu unakaa chini unatazama nyayo za wenzako. Nililia, sikufichi."

Mkewe ni fundi cherehani. Alikwishachoka kumpanulia suruali, akamburuta kwa mtaalamu wa lishe. Huko walipewa unga maalumu wa kukoroga na maji: kikombe kimoja asubuhi na kingine jioni, badala ya milo hiyo miwili. Mchana angekula chakula cha kawaida, mboga zikiwa nyingi.

Baada ya mwezi mmoja, Bonge alikuwa ameongezeka kilo mbili!

Mkewe akaanza kushuku kuwa anadokoa kwa majirani. Naye akaapa kwamba anafuata masharti yote. Mtaalamu akamwomba akoroge hapohapo, mbele yao, na mambo yakawa hadharani. Kijiko cha kupimia kilikuwa hakijawahi kuguswa, kimezikwa ndani ya kopo. Bonge alimimina unga kwa macho kama afanyavyo rangi, akakoroga mpaka kijiti kikasimama chenyewe.

Alijitetea kwamba rangi nyepesi haishiki ukutani. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo ni vijiko viwili, basi. Wiki za mwanzo njaa ilimtia adabu, anakiri, na mara mbili alitaka kutupa kopo. Ilimchukua miezi kumi na moja kufika kilo tisini na nne.

"Kushuka ni kazi, lakini kubaki huko chini ndiyo shughuli yenyewe," anasema.

Kwa ushauri wa mtaalamu, milo ilirudi polepole. Kikombe cha jioni amebaki nacho, maana jioni ndipo alipokuwa akijisahau. Kilo mbili zikirudi, anarudisha na kile cha asubuhi kwa muda. Mwaka na nusu sasa hajavuka tisini na sita.

Ana miaka hamsini na mbili. Anataka kupaka ghorofani hadi afikishe sitini, astaafu akiwa juu.

Mkewe ameshajiandaa. Mwezi uliopita alimpunguzia suruali zote za kazi. Mafundi cherehani huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili nguo iweze kupanuliwa siku nyingine. Yeye safari hii alichukua mkasi, akakikata chote.

"Sikubakiza hata kidogo," anasema, macho yakiwa kwenye cherehani. "Mume wangu namjua, harudi kule."